Jeni Sita za Dobi

Dobi alikuwa akipiga pasi koti la saba la maabara, upande wa kola, mtaalamu wa seli alipoingia chumba cha nguo bila kubisha, miwani imempanda kwenye paji la uso.

"Zimezimika! Zote sita!"

Dobi aliitazama pasi. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka.

"Mbona huku umeme upo?"

"Jeni, Dobi. Jeni zako."

Mwaka uliopita watu wa maabara walimkata kipande cha ngozi mkononi, kidogo kama punje ya dengu, wakazikuza seli zake kwenye visahani. Kila seli ina jeni zinazoonyesha ni ya nani, kama kitambulisho shingoni. Mwili mwingine ukikiona, unaifukuza. Wao walitaka kuzizima jeni hizo zote sita kwa mpigo, seli zipokewe na mwili wowote, kisha wazifundishe kutengeneza insulini. Dobi hakuuliza mengi. Kitinda, binti yake wa mwisho, alikuwa akidungwa sindano nne kwa siku tangu akiwa na miaka sita, na mkurugenzi alikuwa amemwambia Dobi kwa kinywa chake: zikikubali, binti yako ndiye atakayeanza.

"Na seli zenyewe? Zimekufa?"

"Wapi. Zimezimwa, na ni nzima."

Walicheka mpaka mtaalamu akamkumbatia, koti la moto likiwa katikati yao.

Alipotoka kazini saa kumi, mbwa wa getini, aliyembwekea miaka tisa, alimlalia miguuni. Mlinzi hakumkagua mfuko.

"Pita, shemeji."

Barabarani mwanamke asiyemjua alimpa mtoto mchanga. "Baba mdogo, nishikie huyu nifunge kiatu." Mvua ilipoanza, Dobi aliingia nyumba ya kwanza aliyoiona. Watu walikuwa mezani. Walisogea.

"Mjomba, leo umechelewa," alisema mwenye nyumba, akamwekea sahani.

Dobi alikula akashiba. Alisema chumvi imepungua, na hakuna aliyekasirika.

Nyumbani, Kitinda aliyasikiliza yote huku akizunguka chumba kama kuku anayetaka kutaga.

"Kwa hiyo sasa hakuna wa kukukataa popote."

"Popote."

"Basi kesho nenda mapema, Baba, kabla hawajaziwasha tena."

Akaanza kutaja atakayofanya bila kubeba mkoba wa sindano: kuogelea, kulala kwa rafiki, kusahau. Alilirudia hilo la kusahau mara mbili. Dobi naye alijikuta anapiga mluzi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana.

Asubuhi, karani wa mapokezi alimshika mkono mpaka chumba cha mkutano. Mkurugenzi alisimama akampisha kiti chake.

"Kaka! Karibu."

Dobi alisema shida yake bila kuzunguka. Mkurugenzi alifungua orodha ya watakaotibiwa, akaipitia kwa kidole. Watu arobaini. Kitinda hakuwamo.

"Uliniahidi."

"Na ahadi iko palepale. Lakini hawa ni wageni, kaka, wanatoka mbali. Mgeni hupakuliwa kwanza. Sisi wa nyumbani tutakula kitakachobaki."

"Basi nihesabuni mgeni."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Utakuwaje mgeni wewe? Si tumezima zote sita?"

"Niandikie hata karatasi."

"Ndugu kwa ndugu tuandikiane?"

Waliokuwepo walikubaliana kwamba hilo lingekuwa tusi. Walimletea chai. Mmoja wao, aliyemwita baba mkubwa, alimkunjia mkono wa shati taratibu, akamkata kipande kingine cha ngozi, maana watu arobaini ni wengi. Walimsindikiza hadi nje, wote, hata mhasibu, wakapunga mikono mpaka alipokata kona.

Kitinda alikuwa mlangoni, amevaa viatu, nywele amezifunga.

"Wamekukataa?"

"Hapana," alisema Dobi. "Wamenipokea vizuri sana."

Binti aliitazama plasta mkononi mwa baba yake. Akarudi ndani, akaketi kitandani, akapandisha blauzi, akatafuta tumboni mahali ambapo sindano haikuwa imepita wiki hiyo.