Nakala Nzuri Niliyoifunga

Mimi ni mtunza maktaba, na faili chafu linaninyima usingizi. Huo ndio ugonjwa wangu. Katika taasisi yetu ndogo hapa Butiama, utafiti ukilipiwa na serikali, makala yake lazima niiweke mtandaoni, wazi kwa kila mtu, siku ileile jarida linapoikubali.

Hyasinta, mtafiti wa mifugo, aliniletea nakala mbili za makala moja. Ya kwanza aliichapa mwenyewe, mistari imepinda, ila hiyo ningeweza kuifungua palepale. Ya pili ilikuwa ya jarida, imepambwa ikapendeza, ila jarida lilitaka ifungwe mwaka mzima. Nikaweka ile nzuri. Kanuni nilikuwa naijua vizuri. Ndani sikusoma hata mstari, maana kichwa chake kilikuwa majina ya dawa kwa Kiingereza.

Mwaka huohuo mama alikuwa ananipigia simu kutoka Guta karibu kila wiki. Ng'ombe alioachiwa na marehemu baba walikuwa wanakwisha kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe.

"Jofrey, naogeshaga kila Jumatatu, na bado wanakufa. Labda ni macho yangu, dawa napima vibaya. Na yule binti aliyekujaga kukusanya kupe, mbona hajaleta majibu?"

"Watafiti ndivyo walivyo, mama. Wewe ongeza umakini kwenye kupima."

Ndiyo, nilimwambia hivyo, mimi msomi wa familia.

Alipokufa Madoa, ng'ombe wa mwisho, mama alitupa kikombe cha kupimia dawa chooni. "Mali ya baba yako nimeimaliza kwa mikono yangu," akasema, akakata simu.

Mwezi uliopita mwaka ukatimia. Nilipokuwa naifungua makala, ikanibidi niandike muhtasari wa Kiswahili, basi nikaisoma. Kupe wa Guta hawafi tena kwa dawa ile, hata ikipimwa sawasawa. Wafugaji wabadilishe dawa mara moja. Mwishoni Hyasinta alimshukuru mjane mmoja wa Guta, mwenye ng'ombe tisa, aliyepima dawa kwa usahihi kuliko wafugaji wote aliowatembelea.

Jumamosi nikatoka nyumbani Kamunyonge, nikapita Bunda, nikafika Guta kabla ya saa sita. Nikamsomea mama yote. Alikuwa anaangalia viganja vyake.

"Kwa hiyo sikukoseaga?"

"Hukukosea, mama."

"Na haya majibu yalikuwa wapi?"

Ningeweza kulitaja jarida. Ningeweza hata kumsingizia Hyasinta.

"Yalikuwa kwangu, mama. Mwaka mzima."

Zizi lilikuwa nyuma yake, limeota majani.

"Nisomee tena pale pa kupima," akasema.

Nikamsomea mara tatu. Hakuniangalia hata mara moja.