Mvua ya Jumatatu

Mwanangu Antony amesomea shahada ya uzamili ya takwimu miaka miwili na nusu ili agundue kwamba Ishiara hakunyeshi wikendi.

Alikuja nyumbani Karurumo na tasnifu yake, zikiwa zimebaki siku tisa aitetee chuoni, akanifungulia mchoro. Jumamosi, sifuri. Jumapili, sifuri. Jumatatu, mstari umesimama kama mlingoti wa bendera. Akanieleza kwamba uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa bahati tu haufiki moja kwa milioni. Msimamizi wake, Dkt. Mwirigi, alifurahi mno. Alisema lazima ni moshi wa magari ya siku za kazi, na tayari alikuwa ametuma muhtasari kwenye kongamano, jina lake likitangulia.

Nikamuuliza vipimo alivitoa wapi. Akanionyesha picha za daftari kwenye simu. Mwandiko ulikuwa wangu. Mtoto niliyemfundisha kuandika hakuutambua.

Miaka kumi na mmoja nilifundisha shule ya msingi karibu na Ishiara, na kusoma kipimamvua ilikuwa kazi yangu. Kila Ijumaa nilifunga geti la shule nikaja nyumbani kufua na kwenda kanisani. Jumatatu asubuhi nilipima maji ya siku zote tatu, nikayaandika Jumatatu. Wikendi niliweka kistari.

"Nani aligeuza kistari kuwa sifuri?"

"Programu haikubali kistari, Mama."

"Na wewe ukakubali sifuri. Harusi ya shangazi yako Wanja ilikuwa Jumamosi, huko huko Ishiara. Nani alisukuma gari la bibi harusi kwenye matope?"

Alisukuma yeye, na viatu vilikuwa vya kuazima. Tukatafuta tarehe hiyo kwenye jedwali lake. Sifuri.

Akaniomba ninyamaze mpaka avae joho. Hakuna mtu angejua. Nikampigia Dkt. Mwirigi mwenyewe na kuweka simu kwenye spika. Alinisikiliza kwa ule upole wa kumsikiliza mgonjwa, kisha akauliza takwimu nimezisomea wapi.

"Sijazisomea. Nina diploma ya ualimu, na ufunguo wa geti nilikuwa nao mimi."

"Mama Antony, namba hazidanganyi."

"Hazikuwepo, Daktari."

Akacheka kidogo. Akasema watahini wa tasnifu hawatauliza habari za geti, kwa hivyo kijana asitishwe na maneno ya nyumbani.

Nadhani ni kile kicheko. Antony alichukua simu mkononi mwangu, akasema kwa sauti iliyokauka kwamba hatatetea kazi hiyo, na jina lake liondolewe kwenye muhtasari. Daktari akakata.

Sasa amerudi kwenye meza yangu ya jikoni, anaunganisha kila wikendi na Jumatatu yake kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Mahafali ya mwaka huu yamempita. Nasikia Daktari alisoma ugunduzi wake kongamanoni Jumamosi, nje kukinyesha. Mbuzi tuliyemfunga kwa ajili ya sherehe bado anakula majani yangu ya nepia.