Fungu la Sadoki

Bwana Kikohozi, Mzungu mwenye shamba, alipokwenda likizo Ulaya, Septemba 1949, alimwachia mpishi wake Anania Haonga ufunguo wa stoo, madebe sita ya biskuti za mbwa, na mbwa mwenyewe.

"Biskuti tu," alisema, mguu mmoja umeshakanyaga lori. "Asubuhi na jioni. Nyama mbichi asionje kabisa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bwana."

Hakuna mtu katika shamba lile la kahawa, pale Itaka, ambaye asingeelewa. Mbwa aliitwa Rova, lakini vibarua walimwita Lova, na jina hilo ndilo lililomkaa. Mwezi wa Februari alikuwa ametoka na Sadoki Nzowa, mwindaji wa shamba, kufuata nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mahindi. Wakaelekea makorongoni, kule ambako nchi ya baridi inakatika na kuteremka kwenye joto la Kamsamba. Sadoki hakurudi. Lova alirudi peke yake siku ya kumi na moja, amejaa matope hadi masikioni, na hakuwa amekonda.

Hilo ndilo watu waliloliona kwanza. Mbwa amekaa porini siku kumi na moja, mvua haikatiki, na mbavu zake hazihesabiki. Amekula nini?

Swali hilo halikuulizwa mbele ya Aida, mke wa Anania, kwa sababu Sadoki alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Lakini liliulizwa kisimani, liliulizwa kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, na yeye akifika watu hubadili maneno. Bwana alitoa bunduki ampige mbwa risasi, mkono ukakataa. Lova alikuwa mbwa wa marehemu mkewe. Akamfunga mnyororo nyuma ya jiko na kuagiza biskuti kutoka Mbeya. Mnyama wa aina hiyo, alisema, asikumbushwe ladha ya damu.

Wiki za kwanza Lova alivuta mnyororo kuelekea makorongoni mpaka shingo ikachubuka. Mtu akipita karibu, alimshika upindo wa nguo kwa meno na kumvuta. Watu walidhani anauma. Walimpiga mawe, na mwishowe akaacha.

Biskuti hakuzipenda tangu mwanzo. Bwana alimbembeleza, akazilowanisha kwa maziwa, akamlisha kwa mkono, naye akala kidogo kama mgonjwa anayemwonea haya muuguzi. Bwana alipoondoka, hata hilo likaisha. Anania alizilowanisha kwa supu, akazisaga, akazipasha moto. Lova alizitoa sahanini moja moja kwa ncha ya meno, akaziweka chini, akageuza uso. Wiki ya tatu mbavu zilihesabika.

Mchana mmoja Aida alikuja nyuma ya jiko. Tangu Februari hakuwa amekanyaga pale. Alisimama akamtazama mbwa kwa muda mrefu.

"Anakufa huyu."

"Hataki kula," Anania alijibu.

"Mpe nyama."

"Bwana amekataza, Mama Jenista."

"Bwana yuko baharini. Mpe nyama mbichi, Baba Jenista. Nataka nimwone anavyoila."

"Uone nini?"

"Miezi saba watu wananyamaza nikifika. Wewe pia unanyamaza. Mimi nitamtazama huyu mbwa akila, nami nitajua."

Anania akainamia sufuria. Kulikuwa na jambo alilolijua yeye, wala halikuhusu chakula cha mbwa. Yeye ndiye aliyeongoza watu kumtafuta Sadoki. Siku ya nne walifika juu ya korongo ambalo wenyeji hawateremki. Husemwa kwamba wamelala mle waliouawa katika vita vya mababu, wala hawakuzikwa. Mvua ilikuwa nzito, nyasi zilimpita mtu, na asubuhi ile walikuwa wameona nyayo za chui. Walipaza sauti mara moja. Kutoka chini ikaja sauti fupi, kavu.

"Si mbwa huyo?" mmoja aliuliza.

Anania aliutazama ukungu uliojaa mle ndani. "Nyani," alisema. Wakageuka, na jioni yake akamwambia mkewe kwamba wametafuta kila mahali.

Jumamosi alikwenda kwa Watson Simbeye, mchinjaji. Watson alicheka kusikia habari ya biskuti, kisha akamwelekeza.

"Usianze na mnofu, tumbo lake limeshasahau. Mshindishe njaa siku moja. Kisha mpe utumbo wa ng'ombe, usiuoshe sana, kipande cha kidole. Kesho viwili. Na mfupa mpe mbichi. Ukiupika unapasuka kama kigae, utamtoboa."

Lova aliunusa ule utumbo, akaulamba mara moja, akageuza uso kama kawaida. Aida aliingia stoo, akasaga biskuti kiganjani, akauviringisha utumbo katika unga wake. Mbwa akarudisha pua. Alilamba unga, akafika kwenye nyama, akasita. Halafu akameza.

Kesho yake alikula vipande viwili, keshokutwa vinne. Akaharisha siku tatu, tumbo likatulia. Aida alipunguza unga kidogo kidogo hadi akauacha. Wiki ya pili mbwa alikula moyo wa mbuzi, shingo za kuku, ubavu wenye mifupa yake. Manyoya yakaanza kung'aa. Kila alipolishwa, Aida aliketi kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwake, mikono magotini. Alingoja ukali, alingoja muungurumo. Lova alikula polepole, kwa adabu, kama mzee aliyealikwa.

"Anavyokula sivyo nilivyodhani," Aida alisema siku moja.

Fungu lilipokuwa kubwa, jambo jipya lilitokea. Lova alikula nusu, akaweka mguu juu ya nusu nyingine, hakuigusa tena. Alitazama makorongoni akilia kooni, nzi wakikusanyika. Na mchana, jua likianza kuinama, mkia wake ulipiga ardhi, pa, pa, pa, kama mbwa anavyomlaki mtu anayemjua, macho yake yakifuata kitu kilichokuwa kikija taratibu kati ya mistari ya mibuni. Hakukuwa na mtu. Kila mara Aida aligeuka kutazama. Anania hakugeuka. Aliogopa kwamba yeye angeona.

Alianza kuisikia ile sauti fupi, kavu. Aliisikia kwenye mlio wa kuni, kwenye mfuniko wa birika, kwenye kikohozi cha kibarua dirishani. Siku moja, saa sita mchana, kiangazi hicho, alisimama mlangoni mwa jiko akasikia harufu ya koti lililolowa mvua na ya ugoro wa Sadoki. Nje vumbi tupu. Akashika mwimo wa mlango mpaka harufu ikapita.

"Umeona nini?" mkewe aliuliza.

"Sijaona kitu."

Aida alimtazama, kisha akamtazama mbwa, aliyekuwa ameshika mguu wa mbuzi mdomoni bila kuutafuna, mnyororo umekaza.

"Mfungulie."

"Tungoje watu, Mama Jenista. Kesho niite vijana—"

Hakumngoja amalize. Aliinama mwenyewe akaifungua ile pete.

Lova hakukimbia moja kwa moja. Alitangulia, akasimama, akageuka kuona kama wanafuata, akatangulia tena. Walivuka mibuni, wakavuka mashamba ya mwisho ya mahindi, wakaingia miombo. Walitembea saa kadhaa. Walipofika juu ya lile korongo, Anania alilitambua. Nyasi zilikuwa zimeungua na moto wa kiangazi. Sasa liliweza kuonekana lote. Halikuwa refu. Jiwe likitupwa kwa mkono lingefika chini.

Lova aliteremka kwa njia aliyoizoea. Chini ya mwamba uliojitokeza kama paa aliuweka mguu wa mbuzi karibu na koti la kaki lililooza, akausogeza kwa pua, akalala.

Sadoki alikuwa pale. Mfupa wa paja umevunjika vipande viwili. Kando yake gobore, na pembe ya baruti ambayo maji yalikuwa yameingia na kugandisha unga wote. Mbele yake majivu ya moto mdogo, na ndani ya majivu mifupa myeusi iliyobanikwa: kanga, sungura, mguu wa paa. Hatua moja kando, fungu la pili, mifupa isiyopita motoni, iliyotafunwa kwa meno ya mbwa.

Aida alipiga magoti. Aliokota mifupa ya mdogo wake mmoja mmoja, akaupitisha kila mmoja vidoleni, akitafuta alama ya jino. Hakuipata.

"Hakumla," alisema. "Alikuwa akimlisha."

Kisha akaliinua lile gobore. Kwenye kitako kulikuwa na mikato ya kisu, imepangwa vizuri. Alihesabu kwa kidole.

"Tisa. Aliishi siku tisa." Akamgeukia mumewe. "Ninyi mlirudi siku ya ngapi?"

"Ya nne."

"Mlifika wapi?"

Anania angeweza kutaja mahali popote. Alitazama juu, kwenye ukingo, akaona jinsi palivyokuwa karibu.

"Pale," alisema. "Tulisimama pale. Mbwa alibweka nikamsikia. Wenzangu wakauliza, nikasema ni nyani. Niliogopa kuteremka."

Lova alihema. Aida alifungua kanga yake ya juu, akaitandaza, akaanza kupanga mifupa. Anania aliponyoosha mkono kusaidia, alisema, "Usimguse." Hakupandisha sauti. Aliyabeba mwenyewe yale mabaki njia nzima, na mumewe alifuata nyuma na gobore, na mbwa kati yao.

Walimzika Sadoki Jumatano. Mchungaji alipomaliza kuomba, Anania alisimama kando ya kaburi akasema yote mbele ya kanisa, kuanzia ukungu hadi lile neno, nyani. Wale watu watatu waliokuwa naye siku ile walitazama chini. Kesho yake Aida alimchukua binti yao Jenista, akaenda kwa mama yake, kijijini Iyula. Lova aliwafuata hadi njia panda, akaketi katikati, akageuza kichwa huku na huku, kisha akaandamana nao.

Bwana alirudi mwezi wa Machi. Aliona mnyororo umelala chini, madebe manne ya biskuti hayajafunguliwa, akauliza. Anania alimweleza kama alivyoeleza kanisani. Bwana aliketi kwenye ngazi za baraza, akakohoa hadi machozi yakamtoka.

"Alinivuta suruali," alisema hatimaye. "Siku ile aliporudi. Alinivuta suruali, nami nikampiga teke."

Hakuagiza mbwa arudishwe. Kila Jumamosi alituma nyama Iyula, wala hakuuliza mbwa anaipata au hapati.

Aida alirudi Juni, mahindi yalipokauka, mzigo kichwani, Jenista nyuma yake, mbwa mbele. Aliwasha moto, akasonga ugali, akauweka mbele ya mumewe pamoja na maharage. Tangu siku ya korongo hakuwa amemwita Baba Jenista, na hakumwita hivyo sasa.

"Anania," alisema. "Nawa mikono."

Alinawa. Alikaa na tonge mkononi bila kulipeleka mdomoni.

"Umenisamehe?"

Aida alitazama nje. Mchana ulikuwa mweupe, watu wanavuna, wanaitana mashambani kwa Kinyiha.

"Sijui," alisema. "Kula, chakula kinapoa."