Ngoma ya Nyuma ya Goli

2.

Tumeshuka daraja.

1.

Nimeanza na mbili kwa sababu hilo ndilo mnalotaka kulijua kwanza, na mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Naitwa Alanus Kihwele. Asubuhi nafundisha Jiografia, jioni ni katibu wa Lugema Stars, timu ya wachuma chai, mafundi na vijana wa bodaboda. Mwaka jana tulipanda ligi ya taifa kwa vifijo. Mwaka huu tumerudi ligi ya mkoa kimya kimya, kama mtu aliyesahau mwavuli.

Mwenyekiti wetu, Bwana Chengula, ameniagiza niandike ripoti ya tathmini ya msimu. Kasema iwe fupi. Kasema iwe na sababu moja.

Moja.

Jamani! Msimu mzima ule, sababu moja?

3. RASIMU YA KWANZA (imekataliwa)

"Klabu ilishindwa kuutumia uwanja wake wa nyumbani kwa kuwa uwanja huo haukuwa na uzio. Kwa mujibu wa kanuni za mashindano, michezo yote ya nyumbani, isipokuwa wa mwisho, ilihamishiwa Madibwe. Uongozi ulikwishakumbushwa kujenga uzio kabla ya msimu kuanza, lakini uongozi huo"

Hapo ndipo mwenyekiti alipoichukua karatasi.

4. Beki wa kushoto, akikaza nati za pikipiki yake kijiweni

Mwalimu, andika hivi: Madibwe kuna jua. Basi. Sisi watu wa Lugema tunaamka tumejifunika mablanketi mawili, hata mashabiki wa huko wakatuita Wana Blanketi. Dakika ya ishirini tu naona uwanja unapepesuka. Halafu eti tuko nyumbani! Nyumbani gani ambako ukikosea hakuna hata mtu mmoja wa kukutukana kwa Kibena? Mimi nilikuwa nawamiss mashabiki wetu mpaka wale wabaya. Usiandike hilo la kuwamiss.

5. Kwa wewe unayesoma ukiwa mahali penye jua

Sogea nikueleze ukungu wetu, maana bila huo hutaelewa kitu.

Lugema iko juu sana. Alasiri ukungu unapanda kutoka bondeni, unaingia uwanjani bila tiketi na unakaa upande mmoja, upande wa goli la bondeni. Mwamuzi akiziona nguzo za goli, mchezo unaendelea. Nguzo huonekana vizuri tu. Watu ndio hawaonekani.

Kipa wetu, Oraph Mwinuka, akikaa goli lile anaona weupe mtupu mpaka mpira umkaribie. Ndiyo maana nyuma ya goli tuna ngoma. Mpigaji haketi nyuma ya wavu hasa. Anasimama juu ya kichuguu kando ya kona, ambako ukungu ni mwepesi, anaona, na anamwambia kipa hivi:

du               du               du
(mpira uko mbali, pumua)

du du du du du du
(unakuja)

ka ka ka
(ukingoni mwa ngoma: unakuja kushoto kwako)

 

(kimya: umefika, sasa ni kazi yako)

Timu ngeni hudhani ni shangwe tu. Tunawaacha wadhani hivyo.

6.

Mpigaji ni Mama Agripina. Siku za kazi anachuma chai, Jumapili anapiga ngoma. Ana mdomo mkali na mkono mwepesi, na hajawahi kukosa mechi ya Lugema inayochezwa Lugema.

7. TANGAZO (lilibandikwa sokoni, kwenye mashine ya kusaga na mlangoni mwa kanisa)

WANANCHI WOTE MNATANGAZIWA KUWA KUTAKUWA NA MSARAGAMBO WA KUJENGA UZIO WA UWANJA. KILA KAYA ILETE MITI YA MIKARATUSI NA MTU MWENYE NGUVU. TUKIMALIZA KWA WAKATI, MECHI YA MWISHO ITACHEZWA HAPA HAPA NYUMBANI.

Chini yake mtu aliandika kwa mkaa: *mwenyekiti naye alete mti.*

Uzio ulikamilika. Tuliujenga wenyewe, na wakaguzi walipokuja wakausukuma kwa mabega, haukutikisika. Nakuambia ukweli, nililia. Mwanaume mzima nimesimama kwenye matope nalilia mikaratusi.

8. Sisi wa nyuma ya goli

Tulikuja wote. Waliokuwa hawaongei tangu ugomvi wa mipaka ya mashamba walisimama bega kwa bega. Hesabu ilikuwa nyepesi: tukiifunga Kilangi United, tunabaki ligi ya taifa. Sare haisaidii. Tukifungwa ndiyo kabisa.

Kipindi cha pili ukungu ukapanda, Oraph akamezwa na ule weupe, na Mama Agripina akaanza kazi. Du. Du. Ka ka ka. Kimya. Tunasikia glavu zinagonga mpira, paaa, tunapumua. Tena du. Tena kimya. Paaa. Hatukuwa tunaona mechi, tulikuwa tunaisikia.

Kisha, kule juu kabisa, kwenye goli la wageni, kelele. Zikaja pembeni mwa uwanja, mdomo kwa mdomo, mpaka zikatufikia sisi:

Yoram kafunga!

Yoram fundi cherehani!

 

                         G   O   L   I

 

Goli la kwanza nyumbani msimu mzima. Wewe ungefanya nini?

Mama Agripina alipiga ile ya kumtoa bibi harusi ndani. Tukaruka, tukakumbatiana, kuna mzee alimbusu mgambo. Alipiga, akapiga, akapiga, na sisi tukamwambia ongeza, ongeza mama, ongeza

9. Namba kumi wa Kilangi United, kwenye basi la kurudi kwao

Mimi wala sijui nilichofanya. Refa kaweka mpira kati, kapuliza, namsikia mimi peke yangu kwa vile nimesimama karibu naye. Nikatazama mbele, weupe. Hakuna anayenikaba. Nikasema ngoja nipige tu huko huko, kwani nini. Nikapiga.

Sikuona ukiingia. Niliambiwa.

10.

goli

11.

Moja kwa moja. Sare.

Hata filimbi ya mwisho hatukuisikia. Tuliona tu wageni wanavua viatu.

12. RASIMU YA PILI (imeandikwa na mwenyekiti kwa mkono wake)

"Sababu ya klabu kushuka daraja ni matumizi holela ya ngoma nyuma ya goli, yaliyosababisha mlinda mlango kutosikia na kufungwa goli la kizembe. Inapendekezwa: (a) ngoma ipigwe marufuku uwanjani, (b) mhusika asionekane tena nyuma ya goli, (c) mlinda mlango athibitishe mbele ya mkutano mkuu kwamba hakusikia."

Nikamuuliza, "Na uzio uliochelewa, mwenyekiti?"

"Uzio si upo? Nenda kautazame."

Kweli upo. Nikaikunja rasimu yake, nikaenda kwenye mashamba ya chai.

13. Mama Agripina, akichuma, bila kunitazama

Unasimama kwenye mstari wangu, Mwalimu, sogea. Ndiyo, nimesikia. Habari hapa zinatembea kuliko gari la majani. Wanataka niondoke. Unadhani sijui nilichopiga? Nilikuwa nimemsahau kabisa yule kaka wa golini. Nilimsahau! Nimemlinda miaka yote hiyo, halafu nikamsahau kwa furaha. Usiku nikilala nasikia hicho kimya, kile kimya ambacho sikumpa.

Lakini nikuambie kitu. Nyumbani nikisema, wanangu wanatazama simu. Kazini nikisema, msimamizi anasema mama, kilo. Pale nyuma ya goli ndipo mahali pekee nikisema kushoto, mtu mzima anakwenda kushoto. Wakinifukuza pale, Jumapili nitakuwa nani? Haya, sogea basi, unanikanyagia majani.

14. Kipa

Oraph Mwinuka ni fundi baiskeli. Ni mtu wa maneno machache, ukimsalimia anaitikia kesho. Nilimkuta anatafuta tundu kwenye mpira wa ndani, kauzamisha kwenye karai la maji.

"Unajua ulipowekwa?" nikamuuliza.

"Najua, Mwalimu."

"Ukisema hukusikia, Mama Agripina ndiye anaondoka. Ukisema ulisikia vizuri, basi goli ni lako, na mwenyekiti hatakusajili tena. Umri wako huo, hakuna atakayekuchukua."

"Najua."

"Sasa utasemaje?"

Akageuza mpira kwenye maji, polepole. Vikatokea viputo.

"Huyu hapa," akasema.

Sikujua anaongea na mimi au na tundu.

15. Yaliyosikika mlangoni mwa ukumbi wa ushirika kabla ya mkutano

— Timu haiwezi kuongozwa na mwanamke mwenye ngoma.
— Mbona miaka yote iliongozwa hivyo hivyo, nawe ulikuwa unashangilia?
— Mimi nasema yule mama aombe radhi tu, yaishe.
— Aombe radhi kwa kufurahi?
— Hebu pisheni, mwenyekiti anaingia.
— Kavaa suti.
— Eeh. Basi kuna mtu anafukuzwa leo.

16. MKUTANO MKUU. Ninaandika hapa hapa, mambo yakiendelea

Ukumbi umejaa. Mama Agripina kakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, ngoma hakuja nayo. Mwenyekiti amefungua mkutano kwa kuwashukuru wote waliojenga uzio, akajishukuru na yeye. Amesoma rasimu yake. Sasa amemwita Oraph mbele.

"Kijana, swali ni dogo. Dakika ile, ulisikia ngoma ikikwambia mpira unakuja, au hukusikia?"

Oraph kasimama na kofia mkononi. Anaitazama.

"Nilisikia."

Ukumbi wote: aaah.

"Ulisikia nini?"

"Nilisikia ikiniambia unakuja. Nikakosea mwenyewe."

Uongo. Uongo mtupu, mchana kweupe, na kila mtu humu ndani anajua, kwa sababu kila mtu humu ndani alikuwa anacheza ile ngoma ya harusi. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa anacheza, nilimwona na koti lake. Lakini nani atasimama aseme? Mwenyekiti ananigeukia.

"Katibu, andika. Goli ni la kipa."

Naandika: goli ni la

Kiti cha nyuma kimekwaruza sakafu.

"Oraph!" Ni Mama Agripina. "Wewe kaka, acha uongo wako. Nani alikutuma unisitiri?"

"Mama, kaa tu," Oraph anasema, taratibu.

"Sikai! Umesikia unakuja, umesikia wapi? Nilikuwa napiga ya harusi! Nilikuwa nimekupa mgongo, nawatazama hawa wanavyoruka. Ngoma haikukwambia chochote. Mwenyekiti, huyu mtu alifungwa amesimama kama kipofu aliyeachwa barabarani, na mimi ndiye nilimwacha. Muandike mimi."

Nje mbwa anabweka, anaacha.

Mwenyekiti anakohoa. Amepata alichotaka, ila naona hakukitaka kwa njia hii.

"Basi, mama, umekiri mwenyewe. Sisi si watu wabaya. Tuseme wajumbe wanakusamehe, unarudi pale nyuma ya goli. Unaahidi kwamba tukifunga tena utatulia?"

Mama Agripina anafikiri. Anafikiri kweli, si kwa kujifanya. Mtu mmoja anamnong'oneza: sema ndiyo, mama, sema tu ndiyo.

"Tukifunga nyumbani?"

"Ndiyo."

"Baada ya kukaa msimu mzima bila goli nyumbani?"

"Ndiyo, mama. Utatulia?"

"Hapana," anasema. "Nitapiga vile vile. Nikikuahidi vingine nitakuwa nakudanganya, na uongo umeshatosha humu leo."

Kuna aliyecheka, akajizuia. Kuna aliyesema ee Mungu wangu. Mama Agripina amebaki amesimama, mikono imeshika kwa nguvu mgongo wa kiti kilicho mbele yake. Anaogopa huyu mama, na bado kasema vile.

17.

"Tupige kura," anasema mwenyekiti. "Mpango wa kura ni kama kawaida. Wanaotaka ngoma ibaki, na mama huyu abaki, wanyooshe mkono."

 

 

Oraph.

Ndiye wa kwanza, palepale mbele alipo, kofia imeanguka chini. Kanyoosha yote miwili, vidole vimetanuka.

"Oraph, mkono mmoja," anasema mwenyekiti.

Hashushi.

Nyuma nasikia viti, nguo, watu wanaogeukiana. Sijageuka kuangalia ni wangapi. Mwenyekiti ameanza kuhesabu kwa kidole, anapotea, anaanza upya. Mama Agripina amefumba macho.

Kwa mujibu wa katiba ya klabu, kifungu ambacho nilikiandika mimi mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri, katibu wa mkutano haruhusiwi kupiga kura.

Ninaweka kalamu chini