Nguzo ya Upande wa Maji

Baa ya kando ya mfereji hufunguliwa saa kumi jioni. Kabla ya hapo wahudumu hushusha viti vilivyopinduliwa juu ya meza na kufuta vioo vinavyotazama maji, na ikiwa ni Jumatatu, nguzo hunyolewa. Ni ile nguzo nene ya zege ya upande wa maji, na ndevu zake huota usawa wa uso wa mwanamume wa kimo cha kawaida. Mwoshaji vyombo ndiye mwenye kazi hiyo. Huja na beseni la maji ya moto, hupaka povu la sabuni, hunyoa kuanzia shavuni kushuka chini, hupangusa kwa taulo, kisha hurudi jikoni kwenye masufuria yake.

Karibu na mlango kuna kibao cha shaba chenye historia ya jengo, kwa ajili ya wateja wanaopenda kusoma huku wakisubiri meza. Kinasema hapa palikuwa na ghala la magunia, enzi ambazo matishari yalipita mferejini. Baadaye ghala liligeuzwa kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, kiwanda kikafa, paa likaporomoka, popo wakahamia. Ndipo akaja mwenye mali wa sasa, akabomoa kila kitu na kusimamisha jengo hili la vioo na zege ambalo wataalamu walilitunuku tuzo. Ni historia iliyoandikwa vizuri, na haina mtu hata mmoja ndani yake.

Mume wa mwoshaji vyombo alikuwa kibarua wa zege hapo hapo. Asubuhi ya kumwaga nguzo ya upande wa maji, ubao alioukanyaga ulimponyoka, akatumbukia ndani ya kasha la mbao ambamo zege lilikuwa likimiminwa. Nyapara alikuwa juu, aliona. Vibarua wana sheria moja ambayo huifahamu hata kabla hawajajuana majina: zege likianza kumwagwa halikatishwi, kwa sababu likikatishwa huweka mshono, na nguzo yenye mshono si ya kuaminika. Nyapara akasema, "Endeleeni." Wakaendelea. Nguzo ilitoka safi, bila mshono.

Jioni nyapara alipita nyumbani kwa marehemu. "Shemeji, jamaa katoroka," alimwambia mke. "Tena kaondoka na viatu vya kazini."

Mke aliamini, ingawa kwa shida. Mama mkwe wake ndiye aliyeamini zaidi, ila kwa namna yake. "Mwanangu si mtoro," alisema. "Mtu hutoroka kinachomkera." Tangu siku hiyo hakutia mdomoni chakula kilichopikwa na mkwewe. Alikula kwa majirani, na huko kwa majirani alieleza kila kitu. Mke akipita njiani, mazungumzo yalikatika. Kuachwa kulimuuma, lakini hili la kuonekana yeye ndiye aliyemfukuza mumewe lilimkausha kabisa.

Baa ilipofunguliwa alipata kazi ya kuosha vyombo. Ndevu zilipoanza kujitokeza, meneja alidhani ni ukungu wa mferejini, akaita fundi wa rangi. Rangi ilikauka, ndevu zikapenya. Ikapakwa tena, zikapenya tena. Basi akampa mwanamke brashi ya chuma akasugue. Aliposogea karibu, aliona pembeni mwa kidevu, upande wa kushoto, mahali pasipoota kitu, padogo kama ukucha wa kidole gumba. Mumewe aliungua hapo na mafuta ya moto alipokuwa mtoto. Akaiweka brashi chini.

"Huyu ni mume wangu," alisema.

"Yule aliyetoroka?"

"Ndiyo. Hakutoroka."

Meneja alitazama saa. "Basi usitumie brashi," akasema. "Tumia wembe."

Kesho yake mwanamke alimleta mama mkwe. Bibi alifumba macho, akaipapasa nguzo taratibu, taya mpaka taya. Alipofumbua alikuwa analia.

"Nimekula kwa watu miaka yote hii," alimwambia mkwewe. "Nisamehe, mwanangu. Sasa tumtoe tukamzike."

Mwenye mali alikuja mwenyewe, pamoja na mhandisi na nyapara. Aliwapa pole, akaagiza waletewe viti. Mhandisi aligonga nguzo kwa vidole akasema imebeba ghorofa nzima na tangi la maji. Ikivunjwa, jengo lote litaingia mferejini. Wanawake wale walikuwa wamejiandaa kukanushiwa. Hawakulala wakipanga watakavyojibu. Lakini hakuna aliyekanusha chochote.

"Aliita?" bibi alimuuliza nyapara.

"Mashine ilikuwa inanguruma, mama. Na zege halikatishwi. Hata yeye angekwambia hivyo hivyo."

Wakashukuriwa kwa kuja.

Kibao cha mlangoni kimeongezwa mstari: nguzo ya upande wa maji huota ndevu, wateja wanaombwa wasizivute. Wanazivuta. Mwenye mali aliagiza inyolewe Jumatatu tu, ili wateja wa mwisho wa wiki wazikute zimejaa, maana hupenda kupiga nazo picha. Nyapara naye huja, hukaa meza iliyo jirani, na akichoka huegemea nguzo hiyo hiyo.

Siku hizi mama mkwe ndiye anayeshika beseni, na wakimaliza hurudi nyumbani pamoja na kula sahani moja. Jumatatu iliyopita mwanamke alikuta mvi mbili tatu chini ya mdomo. Alimwonyesha bibi.

"Anazeeka," bibi alisema.

"Ndiyo."

Nje, upande wa pili wa baa, walikuwa wakimwaga zege la ukumbi mpya, na nyapara ndiye aliyesimamia. Wembe ulisimama shavuni. Wote wawili walitega sikio kuona kama kuna anayeita. Hawakusikia kitu, mashine ilikuwa inanguruma. Mwanamke akasuuza wembe, akaanza shavu la pili.