Alichosema Mtu wa Bustani

Kila Jumanne baada ya swala ya alasiri nilikuwa na kazi moja ambayo sikuihesabu kuwa kazi. Nilitia majani ya nana kwenye birika, nikapanga vikombe viwili vidogo kwenye sinia, nikampelekea Sitti Khairia sebuleni. Alikuwa mama yake kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, mwanamke wa miaka sabini na minane mwenye magoti mabovu, nami nilimwita Sitti, yaani bibi, kama wajukuu wake walivyomwita. Nilimwekea mto mgongoni, nikakaa kwenye zulia karibu na miguu yake, nikatafuta ile chaneli ya Kiingereza. Hapo alitokea mtu wetu, mzee mrefu mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, akitembea katika bustani ya kwao Uingereza na koleo mkononi. Yeye alisema kwa Kiingereza, mimi nikamwambia Sitti kwa Kiarabu changu cha jikoni.

Jumanne moja ya Novemba nilifungua chaneli nikakuta watu wawili wanashindana kuoka keki. Nilidhani nimekosea namba. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, nikarudi tena. Chini ya picha maandishi yakapita: kipindi cha bustani kimepumzika, kitarudi mwezi wa tatu.

"Mtu wetu yuko wapi?" Sitti akauliza.

"Mafi, Sitti, hayupo. Kwao ni baridi sasa. Udongo umeganda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hawana la kuonyesha."

Aliangalia dirishani. Hapo Al-Safa, Jedda, jua la alasiri lilikuwa bado linapiga ukuta wa jirani, na kiyoyozi kilikuwa kinanguruma juu ya vichwa vyetu.

"Sisi ndiyo kwanza tunapanda," alisema. "Kiangazi chote mimea yangu inaungua, yeye anaongea. Wakati wa kupanda umefika, analala. Mtu gani huyu?"

Nilicheka pamoja naye. Sitti hakujua kwamba mtu wetu alikuwa ameondoka na sauti yangu.

Sikupanga kumdanganya. Wiki za kwanza nilitafsiri kila neno kadiri nilivyoweza. Mzee alizungumzia tulipu, matofaa, na namna ya kuziba bomba lisipasuke kwa barafu. Sitti alisikiliza kwa adabu. Yeye alikuwa na vyungu kumi na kimoja kwenye roshani: nana, rehani, mshubiri, na kile alichokipenda kuliko vyote, asumini, ambayo wao huiita fulu. Aliikata tawi katika ua wa nyumba ya mama yake, mtaa wa Al-Baghdadiyah, wiki ile nyumba ilipouzwa ili ibomolewe. Siku moja aliinama akaniuliza polepole, kana kwamba mzee wa kwenye televisheni angemsikia, "Amesema lolote kuhusu fulu?"

Hakuwa amesema. Alikuwa anachimbua viazi. Lakini Sitti alikuwa ananitazama kwa tumaini, nami nilikuwa na jibu.

"Amesema imwagiliwe alfajiri, si mchana," nilisema. "Na chungu kisikae kwenye sahani yenye maji."

Alifanya hivyo. Baada ya wiki tatu fulu ilitoa maua saba. Aliniita niyanuse, akaweka mawili chini ya mto wake, na jioni nikamsikia akimwambia bintiye kwa simu kwamba Mwingereza yule ana akili. Nilikuwa jikoni nikisugua sufuria, nikafurahi hadi nikaona haya.

Nilisomea kilimo cha bustani miaka mitatu, katika chuo cha magharibi mwa Kenya. Siku ya mahafali baba alivaa koti la kuazima lililomfikia magotini, akapiga picha na kila mtu aliyekubali kusimama. Kazi haikupatikana mwaka wa kwanza wala wa pili. Wakala wa Nairobi aliyenitafutia nafasi Saudia aliisukuma diploma yangu irudi upande wangu wa meza kwa kidole kimoja. "Hii ficha," alisema. "Andika darasa la nane. Madam akijua umesoma ataogopa utakuwa mjuaji." Niliandika darasa la nane. Lakini hata asingeniambia, nadhani ningeficha. Kumwambia mtu kwamba ninajua magonjwa ya nyanya kwa majina yake ya kisayansi, huku nimeshika mopu, kungekuwa sawa na kujivua nguo mbele yake.

Kwa hiyo nilimwachia mtu wa bustani aseme. Alisema mengi. Alisema rehani ikatwe ncha. Alisema nana itengwe kwa sababu ni mnyang'anyi. Tangu nishuke kwenye ndege, hapo ndipo mtu alipoanza kufanya nilichosema, na ilinibidi nijifiche nyuma ya mzungu ili nikione kikifanyika.

Kisha, katika kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko, Sitti aliuliza fulu ipewe chakula gani. Mzee alikuwa anapogoa mtofaa. Mimi nilikumbuka nyumbani, mama akitoka jikoni na karai la majivu kila Jumamosi kuyanyunyizia sukuma wiki, na sukuma inavyonawiri. Nikasema, "Amesema majivu. Kijiko kimoja."

Sitti alifurahi sana. Nyumba ile ilifukizwa udi kila siku, na kila siku chetezo kilibaki na majivu ya makaa yaliyokuwa yakitupwa. Alisema mtu huyu si mwenye akili tu, anajua kubana matumizi pia. Kuanzia hapo, kila asubuhi alipomaliza kufukiza nguo zake, alijikokota hadi roshani na kijiko chake.

Mwisho wa Novemba majani ya fulu yakaanza kugeuka manjano. Si manjano ya kuzeeka. Mishipa ilibaki kijani, na katikati yake jani likafifia kama nguo iliyoloweshwa kwenye dawa ya kung'arisha. Nilipoliona, nililitambua papo hapo. Lilikuwa kwenye daftari langu la udongo, mwaka wa pili, nimelichora kwa penseli za rangi. Majivu hupunguza uchachu wa udongo. Kwetu udongo ni mchachu, unahitaji. Jedda udongo hauna uchachu kabisa, na ukiuongezea majivu mmea hauwezi tena kunyonya madini ya chuma hata yakiwepo tele. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani. Nilipata kumi na sita kwa ishirini.

Nilijaribu kurekebisha mambo kwa siri. Nilimwaga maji mengi kila alfajiri ili majivu yaoshwe. Nilikwangua udongo wa juu kwa uma. Lakini saa tatu Sitti alikuja na kijiko, na kwa kuwa mti ulikuwa mgonjwa, sasa alitia viwili.

"Sitti, labda majivu yametosha," nilimwambia siku moja.

Alinigeukia kwa upole. "Wewe unajua nini, binti yangu? Mwache mwenye kusoma asome. Alisema majivu, tutatia majivu."

Nilijibu, "Sawa, Sitti." Ndivyo nilivyojibu siku hiyo na kesho yake na siku zote za Desemba. Wakati mwingine niliingia stoo nikasimama kati ya magunia ya mchele, nikafanya mazoezi ya sentensi ya kukiri. Nikitoka, nilimkuta ameketi mbele ya chungu akiokota majani yaliyoanguka, akiyaweka kwenye kitambaa kama vitu vya kuhesabiwa, nami nilishika ufagio.

Wageni wake walipokuja aliwaeleza habari ya Mwingereza. "Ameharibu mti wa mama yangu, kisha akakimbia," alisema. "Ati baridi. Aliona kosa lake, akajificha." Wanawake walicheka na kumlaani mzee wa watu, nami nikawapitishia tende. Mzee yule hakuwahi kutamka hata neno fulu.

Januari tulialikwa Riyadh. Hattan, mjukuu wa Sitti, alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Olaya karibu na ofisi yake, akataka bibi awe mgeni wake wa kwanza. Sitti alikataa kuiacha fulu. Tulisafiri kwa gari kutoka alfajiri, yeye kiti cha mbele, mimi nyuma na chungu katikati ya magoti yangu. Dereva alikuwa Absalom, Mkenya mwenzangu wa Vihiga aliyekuwa na familia hiyo miaka tisa, na mtu pekee Saudia aliyejua kwamba nimesoma.

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Sitti alikwenda kuswali, sisi tukanunua chai.

"Mtoto wako ana homa ya manjano," Absalom alisema akikitazama chungu.

"Ni majivu."

"Nani aliyatia?"

"Sitti. Nilimwambia mzungu wa TV amesema."

"Na alisema?"

"Alikuwa anakata mtofaa."

Absalom alicheka hadi akalazimika kuweka kikombe juu ya boneti. "Metrine. Darasa la nane umeleta vita." Kisha akaacha kucheka. "Sikiza, dadangu. Hattan amepata vipindi vyote vya yule mzee kwenye intaneti, na Kiarabu kimeandikwa chini. Anataka kumfurahisha bibi yake. Aliniambia jana."

Niliweka kikombe changu chini.

"Usikae hivyo," alisema. "Sema hukuelewa. Kiarabu chako hata paka wa jirani hakielewi, nani atakataa? Sema ulisikia vibaya, basi, halas."

"Na majivu? Ataendelea kutia."

"Mti ni mti. Kazi ni kazi. Ukisema ulijificha miaka miwili, wataanza kujiuliza na mengine uliyoficha." Alimwona Sitti akitoka, akamaliza chai yake. "Yalla, twende. Mbebe mwanao."

Hadi Riyadh nilikuwa nikiirudia sentensi aliyonipa. Nilisikia vibaya, Sitti. Ilikuwa fupi, na hata kwa Kiarabu changu niliweza kuitamka bila kosa.

Riyadh ilikuwa na baridi ya kweli. Sitti alivaa joho lake zito la manyoya ndani ya nyumba, na fulu tukaiweka kwenye dirisha lililotazama minara ya Olaya. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Hattan alimketisha bibi yake mbele ya televisheni pana kama mlango. Nilikuwa nakusanya sahani.

"Njoo, Metrine," Sitti aliniita. "Mtu wetu amepatikana."

Nikaketi mahali pangu kwenye zulia. Mzee akatokea na sweta yake. Maandishi ya Kiarabu yalipita chini, na kwa kuwa macho ya Sitti hayakuyafikia, Hattan alimsomea. Walianza na kile kipindi cha mwisho, chenye majivu. Mzee alipogoa mtofaa. Alieleza msumeno. Alizungumzia ndege wa kwao. Akaaga.

"Majivu yako wapi?" Sitti akauliza.

"Hayapo, bibi."

"Rudia."

Hattan alirudia. Kisha akafungua kipindi kingine, na kingine, akavipitisha upesi na kusimama kila palipotajwa chungu. Fulu haikuwemo. Rehani haikuwemo. Alianza kutabasamu, si kwa ubaya.

"Bibi, mwaka mzima umefuata Mwingereza ambaye hakuwepo," alisema. "Haya ulikuwa unaambiwa na mfanyakazi."

Nilitazama vidole vya Sitti vikivuta ncha ya joho. Nilijua wageni wa Jedda aliowaeleza habari hiyo wote walikuwa wanampita kichwani, mmoja mmoja, maana na mimi walinipita. Kisha akaweka mkono wake begani kwangu.

"Usimcheke," alimwambia Hattan. "Alisikia vibaya. Kiingereza ni kigumu, na maskini hakupelekwa shule. Alijitahidi kwa ajili yangu. Si kosa lake."

Alikuwa ameisema yeye, ile sentensi ya Absalom. Kilichobaki ni mimi kutikisa kichwa. Hattan alikwisha kuinua rimoti ili azime, na Sitti alikuwa ameugeukia mti dirishani, wenye majani tisa tu.

"Hadi mwezi wa tatu," alisema, kama anayezungumza na mti. "Na hakuna wa kumuuliza."

Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, na sikuweza kuuvumilia hapo. Nilisimama. Uso wangu ulikuwa wa moto, na nilisema nikiangalia zulia, kwa sababu sikuweza kuangalia kwingine.

"Niulize mimi, Sitti. Sikusikia vibaya. Yeye hakusema, nilisema mimi, yote, na ya maua saba pia. Nimesoma mimea miaka mitatu, nina cheti, nilificha kwa aibu. Majivu ni kosa langu. Yanafaa udongo wa kwetu, hapa yanaua. Tuubadilishe udongo leo, kabla ya magharibi, nami nitakuonyesha namna."