Usiwe na Wasiwasi, Mama

…programu ya kujibu wateja, ya mtu mmoja au ya kampuni nzima, anauliza bosi, na macho yote kwangu, mdomo wangu ndio ulioniponza, nani alinituma kutamba mbele ya watu kwamba simuni nina programu inayonifanyia kazi huku nimelala, nilitamba, tena kwa madaha, mikono mfukoni, mimi niliyewahi kufufua jenereta la hoteli kwa pini ya nywele, sawa, haikuwa pini, ilikuwa waya, na aliyelifufua ni fundi mwenzangu, lakini tochi nilishika mimi, na sasa bosi ameweka mezani karatasi mbili alizoacha muuzaji, moja ya programu ya bei nafuu, ya mtu binafsi, nyingine ya bei ya kukutoa jasho, ya ofisi yote, na anapuliza chai yake, na simu imetetemeka pajani, naichungulia chini ya meza, ni mdogo wangu wa kike, anayekaa na mama, *Kaka, mama amegoma kwenda hospitali, anasema umemwambia asiwe na wasiwasi, kweli ulimwambia hivyo?* … "Mtaalamu, tunakusubiri," anasema mhasibu, "au na wewe umezimika kama majenereta ya wateja wetu?" na bosi anacheka puani, na mimi nacheka pia, meno yote nje, lakini sijamwambia mama kitu, leo asubuhi nilikuwa nakoroma, aliyemwambia ni hiyo programu, kila alfajiri inamwandikia *Shikamoo mama, umeamkaje*, na akijibu, ajibu lolote, inaokota jibu moja kati ya yale niliyoipa siku nilipoiweka, *Nimefurahi kusikia, mama*, *Usiwe na wasiwasi, mama, yote yatakuwa sawa*, nikajiona mjanja kuliko wajanja, mwanzoni nilikuwa nasoma anachojibu, halafu nikawa nasoma nusu, halafu yakawa kama redio ya jirani, unajua inaongea, hujui inasema nini … "Tofauti yake hasa ni nini?" anauliza bosi, na mhasibu anavaa miwani, anasoma, kidole kikifuata mstari, na mimi nafungua ujumbe wa mama, heri nisingefungua, *Mwanangu, mguu umevimba hata kiatu hakiingii, mdogo wako anataka kunipeleka hospitali, naogopa watanikata kama walivyomkata mama yenu mkubwa, wewe ndiye mkubwa wa nyumba, niambie, niende nisiende*, na chini yake mimi, yaani si mimi, *Usiwe na wasiwasi, mama, yote yatakuwa sawa*, na chini yake mama, *Asante baba, umenitua mzigo, basi siendi*, na chini yake tena mimi, *Siku njema, mama* … siku njema, na mguu ule, mguu uliokuwa unakanyaga cherehani mpaka mimi nikapata sare ya shule, shule yenyewe nikaikimbia nusu njia nikidai walimu wamekwisha kunifundisha yote … "Hii ya mtu mmoja," anasema mhasibu, "haimuulizi mtu, inajibu tu. Hii ya kampuni, jibu halitoki mpaka mtu aliangalie, na jina la aliyeliruhusu linabaki." "Si itatuchelewesha?" anasema bosi, "mteja anasema jenereta linatoa moshi, sisi tunatafutana nani aruhusu jibu?" na mimi nalinusa jenereta linalotoa moshi, na mtu amesimama kando yake na simu mkononi, ameambiwa asiwe na wasiwasi, naye ametulia … na mama amewatambia majirani wote, kutamba nilirithi kwake, mwanangu hapitishi siku bila kuniamkia, na akimaliza anamgeukia mdogo wangu, wewe tuko nyumba moja na unaingia kama umekuja kukata umeme, mdogo wangu anayeingia na beseni la maji ya moto mikono yote miwili, anayemwogesha, anayemkanda mguu huohuo, aliniambia siku moja akicheka, kaka umetuharibia soko, hapa kipimo cha upendo ni wewe, nikacheka, nikajibu jifunzeni kwa wakubwa, Mungu wangu, nilijibu hivyo … na uongo ninao tayari, hauniishi, nimwandikie mdogo wangu ndiyo nilisema, lakini baadaye nimeongea na daktari rafiki yangu, anasema aende leoleo, mama ataenda, mguu utatazamwa, mimi nitabaki mtoto mwema, na mdogo wangu ataendelea kusemwa na beseni lake mkononi, uongo safi, hauna mshono, na mkono wangu unakataa kuuandika, sijui umejifunza wapi adabu … nipige basi, lakini mara ya mwisho nilipompigia mama hakungoja hata salamu, alianza kulia, nani amekufa, baba, nani amekufa, kwa sababu sauti yangu imekuwa ya misiba, mtoto anayemwamkia kila siku, na sauti yake ikisikika ni msiba … "Ipi sasa, mtaalamu?" anasema bosi, chai bado inafuka, bado anaipuliza, mhasibu bado ana kidole kwenye karatasi ya bei ya jasho, na mimi natambua nimeshachagua, ile inayomtaka mtu atazame kwanza, lakini wangoje, jibu la kwanza si lao, kidole gumba kiko juu ya jina la mama, atauliza nani amekufa, na nitamwambia aliyekukataza hospitali si mimi, mwandishi wa asubuhi zote zile si mimi, anayekupenda yuko hapo na beseni, mpe mkono mwende, kisha atauliza tena kwa sauti ndogo, basi nani amekufa, na nitasema hakuna, mama, ni mimi, shikamoo…